Daftari la Matembezi

Mimi ndiye mshika daftari, nyumba yetu ya Limbani.
Sikupigiwa kura. Bi Time alisema tu, hati yako inasomeka,
akanipa kalamu mbili, ya wino na ya risasi,
na kifutio kilichotafunwa pembeni na sijui nani.

Kila mwezi safari moja.
Mwanzo tuliona haya. Watu wazima, wengine tuna ndevu,
tumeshatoka makao ya watoto na mabegi yetu mgongoni,
leo tupangwe tena kama chekechea?
Kaije alisema: kutembezwa sitaki, mimi si mbuzi.
Kisha akawa wa kwanza kujiandika.

Safu ya kwanza, jina. Ya pili, mchango, mia tano.
Ya tatu, saa ya kutoka. Ya nne, saa ya kurudi.
Ya tano Bi Time aliichora mwenyewe kwa rula:
Mwezi ujao twende wapi?
Hapo Faki huandika Ulaya.

Shaame hakuwahi kuandika popote.
Miezi mitatu yumo, chumba cha mwisho, karibu na mtungi,
analala na viatu.
Hatumuulizi. Kwetu hiyo ni adabu:
kila mmoja ana mlango nyuma yake,
aliofungiwa, au alioufunga.

Ijumaa usiku nilikuta jina lake chini kabisa,
kwa risasi, jepesi, la kufutika.
Niliogopa hata kukohoa.

Baiskeli nne, watu saba.
Tuliteremka, tukapanda, maana Pemba haijui kwenda sawa,
tukikwepa mikeka ya karafuu kandokando ya lami,
na bibi mmoja, ufagio mkononi, akatupigia kelele:
"Nyinyi wa nani?"
Swali hilo tunalijua. Huwa linatunyamazisha.
Mize, aliyepakiwa nyuma, akageuka:
"Wa Limbani!"
kama kwamba Limbani ni jina la baba.

Mlimani mnyororo wa Faki ukakatika.
Shaame akapiga magoti, akachomoa waya kwenye uzio wa mtu,
akaunga, mikono myeusi mpaka vifundoni.
"Itafika," akasema.
Neno moja. Kwake ilikuwa hotuba.

Kidike, mlinzi alituomba tusipige makofi.
Juu kwenye miti, popo, mamia,
wamejifunga mbawa kama watu waliovuta shuka
wakikataa kuamshwa.
"Chumba cha wavulana hicho," akanong'ona Kaije.
Wakasukumana, wakagombana,
mmoja akamkojolea wa chini yake, ugomvi ukaanza upya.
Palinuka tunda bovu na nguo mbichi.
Tulikula muhogo wetu na shokishoki,
maganda tukayatia mfukoni.

Ndipo Shaame akauliza, si sisi, alimuuliza mlinzi:
"Usiku wakitoka, nani anawahesabu wakirudi?"
Mlinzi akacheka kidogo, kisha akaacha.
"Hawahesabiki hawa, mwanangu.
Mimi nikiamka alfajiri natazama matawi tu.
Yakiinama, basi wamo."

Tulirudi adhana ya magharibi ikimalizikia.
Bi Time barazani, tochi mkononi na umeme upo,
midomo yake ikienda pole pole: nne, tano.
Saba.
Akaingia ndani kupakua wali, hakusema kitu,
lakini ukoko, ambao huuweka kwa ajili yake,
aliugawa.

Sasa najaza daftari.
Kaije, mia tano, bado anadaiwa.
Waya wa uzio, mmoja, turudishe.
Saa ya kurudi nimeandika mara saba, sikutumia alama ya vilevile,
mkono umeniuma.
Safu ya tano: Faki, Ulaya. Mize, msitu wa Ngezi.
Kaije, popote, isiwe kwa baiskeli.
Na chini, kwa risasi, herufi zimeegemeana:

popo tena

Kifutio nimekitia mfukoni mwangu.